Kipindupindu na Makobe wa Shamba la Pamba

Nataka niseme hili kabla halijaharibika zaidi midomoni mwa watu, maana nimeshasikia wanadai eti kijiji chetu kiliokolewa na bwana afya peke yake. Bwana afya alifanya kazi yake, simnyimi haki yake. Lakini mimi nilikuwepo, na nakwambia kijiji kile kiliokolewa na makobe.

Kobe, kama kwenu hamna neno hilo, ni mtu anayekula kwa kujificha mwezi wa Ramadhani, nje akipita anakunja uso kama mwenye kiu ya tangu jana. Watoto wakimkamata wanamwimbia mpaka nyumbani. Hakuna anayetaka kuitwa kobe, na mtu mzima mwenye baba yake msikitini ndiyo kabisa.

Kilikuwa kijiji kipya cha ujamaa upande wa Mvumi. Sisi wa milimani tulishushwa na malori, wengi wetu Waanglikana, tukawakuta watu wa bondeni kwenye ardhi yao, wengi wao Waislamu. Nyumba zikapangwa mistari mitatu kufuata mto, zimenyooka utadhani mtu kapima kwa kamba, na kweli alipima kwa kamba. Upande wa juu, kwenye shule, walijaa watu wetu wa milimani na familia chache za bondeni. Upande wa chini, kwenye ghala la pamba, walikaa wa bondeni karibu wote. Mimi na mama mkubwa tulipangiwa huko chini, katikati yao. Mama mkubwa ndiye dada wa mama yangu, ndiye aliyenilea, na anayemgusa kanigusa mimi machoni.

Kiangazi mto ule unakauka, unabaki mchanga mtupu. Ukichimba mkono mmoja maji yanajaa, maangavu, ya baridi. Kila nyumba kumi walikuwa na kisima chao mchangani, wamekizungushia miiba mifugo isikanyage. Sisi tulikotoka tulikunywa chemchemi, kwa hiyo maji yakiwa maangavu kwetu hayana swali. Wa bondeni nao walisema mchanga unachuja kila kitu. Tulibishana nao kuhusu mashamba, mbuzi na kengele ya kanisa, lakini kuhusu maji tulikubaliana siku ya kwanza.

Nyumbani kwetu tu ndiko yalikochemshwa, na hiyo ilikuwa kelele yangu. Shule niliiacha darasa la nne, lakini kusoma sikuacha. Nilikuwa na kitabu kidogo cha darasa la watu wazima, chenye picha ya nzi na ya mbu, nilikisoma mpaka kikafumuka. Nilijua surua inapitia hewani, malaria inaletwa na mbu, na kuhara kunatoka kwenye choo kunaingia kinywani. Mama mkubwa alinung'unika. "Maji yanakula kuni kuliko maharage," alisema. Akachemsha lakini, kwa sababu kunisikiliza mimi kutwa nzima kulichosha kuliko kwenda kuni.

Sasa Ramadhani ikaingia, na pamba ya shamba la kijiji ikapasuka yote. Siku ya kuvuna tulitoka wote, waliofunga na wasiofunga. Zamu ya togwa ilikuwa ya mama mkubwa. Togwa yake ya mahindi na kimea cha ulezi ilijulikana mpaka vijiji vya jirani. Tukabeba ndoo mbili, tukaziweka nyuma ya lundo la pamba ili tusiwakere waliofunga.

Nyuma ya lundo hilo ndiko walikokuja makobe. Wanne, wote wa bondeni, wote wa upande wa juu kwenye shule. Wa kwanza alikuwa mtoto wa mzee anayeswalisha msikitini, kijana mwenye mke na nyumba yake. Akachuchumaa, akainua kata, akasema, "Mama, hujaniona."

"Mimi macho yangu mabovu," mama mkubwa akamjibu. "Ongeza nyingine, jua kali."

Walipoondoka akanigeukia. "Na wewe mdomo wako uufunge. Mtu akija kwangu na kiu yake, hiyo ni yake na mimi. Naomba uniapie." Nikaapa.

Siku mbili zilipita. Ya tatu kipindupindu kikaja.

Sitaki kukieleza sana. Mtu anaharisha maji kama ya kuoshea mchele, jioni macho yameshazama, ngozi ya vidole imejikunja kama ya aliyefua kutwa. Watu walibebwa juu ya vitanda kwenda zahanati, kitanda kimoja kikirudi kinakutana na kingine njiani. Nyumba baada ya nyumba, karibu zote kwa siku mbili, na zote za upande wa chini. Wa kwanza kufa alikuwa mke wa yule mzee wa msikiti. Alikuwa mama mpole aliyenifundisha kusuka mkeka ingawa nilimharibia ukindu wote.

Wilayani Kilosa wakapata habari. Bwana afya akaja na Landrova na madumu ya dawa, mgambo wakafunga kamba barabarani, hakuna kutoka wala kwenda kupanda treni. Na watu wakifungiwa pamoja na woga wao wanatafuta wa kumlaumu.

Aliyeanza ni balozi wa nyumba kumi za pale shuleni. Mtu wa bondeni, sauti kubwa, kofia imesimama kichwani. Alisimama kisimani akasema, "Nyie hamwoni? Wanaougua wote wa bondeni. Wa milimani wazima. Na yule mama wa milimani anakaa hapa hapa chini, kisima kimoja na nyie, ndani kwake hajaugua hata kuku. Ametupikia nini kwenye ile togwa?"

Mtu mmoja akamwambia, "Lakini balozi, sisi tulifunga. Togwa tuliinywa lini?"

"Ah, mnajifanya hamjui," balozi akasema. "Makobe wapo. Walioanguka ndio waliokunywa. Mungu kawaumbua."

Uelewe alichokisema hapo. Alimtukana mama mkubwa kuwa mchawi, na papo hapo akawatukana wagonjwa na maiti. Mke wa mzee wa msikiti, mwanamke aliyefunga mpaka siku za kuongeza, sasa anazikwa huku watu wananong'ona kwamba alikuwa kobe. Na jambo lilivyo baya, wengi waliamini. Wakaanza kupita mbali na mlango wetu. Mwenyekiti wa kijiji akaitisha mkutano siku ya tatu yake, kuamua kama mama mkubwa aondolewe, nyumba ibomolewe, arudi milimani. Arudi wapi? Kule tulikohama nyumba ilibomolewa. Palibaki mawe ya jiko.

Nilivyosikia nilitoka kwenda kumtafuta balozi. Nikamkuta na watu wake. Sikuamkia hata. Nikamwambia, "Wewe unajua kabisa nani alikunywa na nani hakunywa." Uso ukambadilika. Kiapo changu nilikuwa nakikanyaga pale pale, ila mama mkubwa alikuwa amenifuata nyuma, akanishika mkono mbele za watu kama mtoto. "Shikamoo balozi," akasema. Balozi akaitikia marahaba kwa taabu. Tukaondoka.

Nyumbani nikalipuka. "Mama, sema tu. Taja wale wanne. Walikunywa, wazima, kesi imekwisha."

"Nimvue mtu nguo mbele ya baba yake, aliyezika mke juzi?"

"Watakufukuza."

"Wanifukuze. Wewe kaa kimya."

Nikalia kwa hasira. Halafu nikachukua daftari nikaenda kisimani kwa bwana afya.

Alikuwa kijana mwembamba, macho mekundu kwa kukosa usingizi, anamimina dawa kwenye kisima. Nikamwamkia, nikamwambia najua kuhusu nzi. Akacheka kidogo. Nikamwambia kila kitu isipokuwa majina ya makobe. Akachuchumaa, akachora kwa kijiti mchangani.

"Magonjwa ya mlipuko hayaendi kwa mwendo mmoja," akasema. "Lipo la kupokezana. Leo anaugua mmoja, keshokutwa wawili aliokaa nao, baadaye watano. Surua inakwenda hivyo. Na lipo la chungu kimoja. Wote wamekula au wamekunywa mahali pamoja, wanaanguka kwa mpigo. Hili lenu lilikujaje?"

"Kwa mpigo," nikasema. "Ila kuna mtu wetu mmoja wa kule shuleni kaugua jana, peke yake. Huyo nashindwa kumweka."

"Alizika?"

"Alizika. Alikula matangani."

"Mlinawaje pale?"

Nikaona aibu kumjibu, kwa sababu anajua tunavyonawa. Bakuli moja la maji, linazunguka toka kwa mkubwa mpaka kwa mdogo, wa mwisho ananawa maji ya watu thelathini, halafu mikono yote kwenye sinia moja. Ndiyo heshima, kukataa bakuli ni kumkataa mfiwa.

"Basi huyo kapokezwa," bwana afya akasema. "Ugonjwa ule ule unaweza kuanza kwa chungu kimoja ukaendelea kwa kupokezana. Mimi nahitaji kukijua chungu. Nina vijiji vitatu vya kuzungukia na dereva mmoja. Wewe una miguu na mdomo."

Nikapita mistari yote mitatu kwa siku mbili. Nilitukanwa milango mingi. Kwingine nilitukana na mimi, sifichi. Swali lilikuwa moja: mnachota wapi? Kila nyumba nikaichora kwenye daftari, mwenye mgonjwa nikamwekea alama. Nilipomaliza nikakaa nikaangalia, nikaona kitu ambacho kila mmoja wetu alikuwa akipita juu yake kila asubuhi.

Vyoo. Mwaka ule mwenyekiti alitangaza kila nyumba iwe na choo, na vipangwe kwa mstari kama nyumba zilivyopangwa. Ardhi ya kijiji ni ngumu kama chuma, lakini ukingoni mwa mto ni laini. Kwa hiyo mstari wa mtoni wote walichimba ukingoni mahali pamoja, katikati ya kijiji, vyoo kumi na tano vimenyooka safi, wakubwa wa wilaya wakaja kuvitazama, mwenyekiti akapewa barua ya pongezi akaitundika ofisini. Visima vya upande wa juu vilikuwa juu ya vyoo vile. Visima vya upande wa chini vilikuwa chini yake. Mchanga uliochuja kila kitu ulikuwa unatushushia uchafu wa vyoo sisi wa chini.

Nilimkimbilia bwana afya. Akaangalia daftari muda mrefu. "Naamini," akasema, "lakini wao wanaamini togwa. Una mtu wa bondeni aliyekunywa togwa na anachota juu?"

"Ninao wanne," nikamjibu, "na nimeapa."

Basi nikaenda mwenyewe kwa mtoto wa mzee. Kuapa nisiwataje kwa watu hakunizuii kuzungumza na mwenyewe. Nilimkuta anachonga mpini, mkewe yuko jikoni. Nilikusudia kuzungumza kwa upole. Nilianza kwa upole.

"Pole na msiba, kaka."

"Nimeshapoa."

"Wanasema mama yako alikuwa kobe."

Akaacha kuchonga. "Nimesikia."

"Na wewe unajua hakuwa. Alifunga, akafuturu kwa maji ya kisima cha chini, yakamuua. Kobe yupo hapa anachonga mpini."

"Toka kwangu."

"Natoka. Mama mkubwa anaweza kukutaja akabaki na nyumba yake. Amekataa. Analinda jina lako wakati wewe umeshindwa kulinda la mama yako."

Akanyanyua ule mpini, sijui anirushie au vipi. Mkewe akatokea mlangoni na mwiko, akasema taratibu, "Dada, umeshasema. Nenda." Nikaondoka, nikajua nimeharibu. Njia nzima nilijitukana. Maneno yalikuwa ya kweli lakini nilimrushia kama mawe, na mtu akipigwa mawe anajificha.

Jioni nikarudi, mkewe akanizuia uani. Nikamwambia mwambie nimekosa, msiba haukuwa wa kuchezea, atakalofanya ni lake. Akasema atamwambia.

Mkutano ulikuwa asubuhi, uwanja wa shule. Bwana afya alitaka tukae mbali mbali, hakuna kushikana mikono, na kule mlangoni aliweka pipa lenye bomba na dawa, kila mtu amiminiwe yake. Mama mkubwa alivaa kitenge chake cha kanisani. Mzee wa msikiti alikaa mbele, amejiegemeza kwenye fimbo.

Balozi akasema yake. Nikapewa nafasi, nikafungua daftari nikasema yangu: visima vya juu, visima vya chini, vyoo katikati. Mwenyekiti akanikata.

"Binti, vyoo vile vina barua."

"Ndugu Mwenyekiti, kipindupindu hakijui kusoma."

Watu wakacheka, mwenyekiti akavimba. Balozi akaruka juu. "Sawa, tuseme ni maji. Mbona mtu wa huku shuleni kaugua na anachota juu?"

Hapo nilikuwa nimejiandaa. Nikaeleza bakuli la matangani. Nikaona akina mama wanatazamana mikono.

"Maneno," balozi akasema. "Wa bondeni walikunywa togwa, wakaugua. Nioneshe wa bondeni mmoja aliyeinywa akabaki mzima. Mmoja tu."

Mama mkubwa akanibana kidole mpaka kikauma. Nilikuwa namwona balozi na ile kofia yake, namkumbuka alivyochuchumaa nyuma ya lundo akamaliza kata mbili na kuomba ya tatu. Wa nne alikuwa yeye. Jina lake lilikuwa kwenye ulimi wangu kabisa. Nikalimeza.

Mtoto wa mzee akasimama.

"Mimi," akasema. "Mimi nilikunywa. Kata moja na nusu, nyuma ya pamba, na nimefunga. Yaani nilikuwa nimesema nimefunga." Hakuwatazama watu, alimtazama baba yake tu. "Nachota juu. Sijaumwa hata tumbo. Mama hakunywa. Nilimwona siku nzima, hakumeza hata mate. Kobe ni mimi."

Mzee alikaa vile vile. "Mama yako alifunga," akasema.

"Alifunga, baba."

"Mpaka mwisho."

"Mpaka mwisho."

"Basi nimesikia. Siku yako utailipa mwezi ukiisha. Kaa chini."

Kabla hajakaa, nyuma akasimama mwingine. "Na mimi nilikunywa." Halafu wa tatu, mtu mzima mwenye wajukuu, mkewe akajifunika uso kwa khanga, sijui analia au anacheka. "Togwa tamu," akasema, "na mimi mzima kama mnavyoniona."

"Tulikuwa wanne," mtoto wa mzee akasema. "Wa nne simtaji. Atajitaja."

Watu wakaanza kugeuza shingo, kila mtu anamtafuta wa nne kwa jirani yake. Balozi alikohoa. Akavua kofia, akaitazama ndani kana kwamba kuna kitu kimeandikwa.

"Kiu ilikuwa kali siku ile," akasema.

Sijawahi kusikia kicheko kama kile. Waliofiwa walicheka. Mgambo mmoja alikaa chini kabisa. Watoto wakaanza wimbo wa kobe, wakubwa wakawanyamazisha huku na wao wanauimba. Mama mkubwa peke yake hakucheka. Alinyoosha mkono, akasimama.

"Ndugu Mwenyekiti, huyu balozi msimwimbie sana. Alikuwa na kiu, nikampa. Lakini naomba katibu aandike mawili. Kwanza, mimi sihami. Pili, marehemu alifunga."

Katibu akaandika. Mzee wa msikiti akamwomba ayasome kwa sauti, akayasoma, akamwomba arudie lile la pili.

Mwenyekiti alikuwa na hasira na mimi, lakini si mtu mbaya. Alikwenda ofisini akachukua jembe badala ya barua. Mchana ule ule tulifukia vyoo vyote kumi na tano, makobe wakiwa mbele, balozi akichota udongo kuliko wote bila kuambiwa. Visima vya chini tukavifunika kwa magogo. Tukachimba vipya juu ya shule, na vyoo vipya nyuma ya kijiji, kwenye ardhi ile ngumu, tukitoka malengelenge na tukiwatukana wataalamu wa kamba. Kila nyumba ikachemsha. Matangani maji yakaanza kumiminwa kwa kopo, mmoja mmoja, na mzee wa msikiti ndiye aliyekuwa wa kwanza kukataa bakuli, ili asiwepo wa kusema ni dharau.

Wagonjwa wapya wakapungua mpaka akabaki mmoja, halafu pakawa hakuna. Kijiji chetu kilikuwa cha kwanza kufunguliwa kamba upande ule. Bwana afya aliikata mbele yetu, akanigeukia akasema vijiji viwili vya mbele bado vinazika, na kimoja kinataka kumchoma moto mganga wake.

"Una nafasi kwenye Landrova?" nikamwuliza.

"Moja."

"Tutakaa wawili. Mama mkubwa haachwi."

Alipanda mbele, mimi nyuma na madumu ya dawa. Tulipofika kijiji kile watu walikuwa wameshamzunguka yule mganga, kila mmoja anasema. Nikashuka, nikapanda juu ya boneti ili wanione, nikafungua ukurasa mpya wa daftari, nikawauliza wanachota wapi.